Kompyuta Iliyobaki Ndani ya Nailoni

Kaeni, wapendwa. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi. Leo nina mfano, na nawaambia mapema kwamba mfano wenyewe unaniudhi. Nimeutunga mwenyewe, nimekaa nao wiki nzima, na kila nikiufikisha mwisho natamani kumshika yule mtu kola ya shati nimtikise. Halafu nakumbuka kwamba nimemtunga kwa kuwaangalia ninyi. Na asubuhi ninaponyoa ndevu, kwa kujiangalia mimi. Basi tuvumiliane.

Palikuwa na mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja, siyo huu, msianze kugeuza shingo. Mtu mwema kabisa. Hanywi, hagombani, na anafika mazoezini kabla ya waimbaji wake, jambo ambalo kwa walimu wa kwaya ninaowafahamu mimi ni muujiza mdogo. Na katika usharika huohuo palikuwa na bibi mmoja asiyeona, mtunzi wa nyimbo. Hakujua nota wala hakujua kuandika. Wimbo ulimjia akiwa anapukuchua mahindi, akauimba, akaulaza kichwani, kesho yake akauimba tena asije akausahau. Aliishi hivyo miaka arobaini. Kichwani mwake mlikuwa na nyimbo sitini na tatu, na kwaya ilizijua tisa tu.

Mwalimu akapiga hesabu ndogo. Bibi ana miaka themanini na moja. Akiondoka, anaondoka na nyimbo hamsini na nne. Hapo akafanya jambo jema sana, na nalisema wazi ili msidhani namchukia bure. Alikuwa na kompyuta ya mkononi, ya zamani, bawaba moja imevunjika ikafungwa kwa selotepu, kitufe cha herufi M kimeng'oka mpaka ubonyeze kwa ncha ya kalamu. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, aliibeba hadi kwa bibi, akaiweka juu ya stuli, bibi akaimba, kompyuta ikarekodi. Jogoo akiwika, wanarudia. Bibi akikohoa, wanarudia. Miaka miwili, wapendwa! Mpaka nyimbo zote sitini na tatu zikaingia mle ndani kwa sauti ya bibi mwenyewe, pamoja na maelekezo yake: hapa wanaume wanyamaze, hapa sauti ya pili iingie juu, hapa msikimbie kama mnafukuzwa.

Mwezi uliofuata bibi akapata kiharusi. Mungu alimwacha hai. Anakula, anaelewa, anaongea polepole, neno mojamoja. Lakini kuimba, basi. Sauti haikurudi, na nyimbo nyingi zilimtoka. Anashika mstari wa kwanza, wa pili hauji.

Sasa nyimbo ziko wapi? Semeni. Ziko kwenye ile kompyuta yenye selotepu. Na kwingine? Hakuna. Nakala? Mwalimu alikuwa amekusudia kununua flashi azihamishie huko. Lini? Kesho. Nawasikia mnaguna. Haya, guneni, lakini picha za harusi yako ziko wapi leo? Kwenye ile simu yenye kioo kilichopasuka, sivyo? Nyamazeni basi tuendelee.

Usharika ule ulikuwa unajiandaa kwa jubilei ya miaka sabini na tano, na bibi alikuwa na ombi moja. Alimwambia mwalimu, taratibu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu: "Mwanangu, hizo nyingine nazijua kwa mdomo wangu tu. Sijawahi kuzisikia zikiimbwa na watu. Nikae mbele, nizisikie. Halafu nitapumzika."

Ndiyo ombi lote. Hakuomba kanga wala keki. Mwalimu akaahidi.

Ikabidi kila wimbo uandikwe kwa nota, kwaya ifundishwe. Mwalimu yule alikuwa mzito wa kuandika. Anasikiliza kipande, anasimamisha, anaandika do re mi, anafuta, anarudia. Wimbo mmoja ungemchukua wiki nzima, na hata wa kwanza alikuwa hajaumaliza. Na jubilei ilikuwa miezi mitatu mbele. Angefikisha nyimbo kumi na mbili, kumi na tatu, labda. Na bibi angefurahi, mniamini. Bibi hakudai zote sitini na tatu.

Hapo ndipo lilipoingia lile kundi la walimu wa kwaya la kwenye simu. Mwalimu mwenzake wa usharika wa jirani akatuma habari, na ninyi mnajua habari za kwenye makundi zinavyofika, zimebeba alama za mshangao kumi na moja. Akasema unakuja mfumo mpya wa kompyuta. Kwa ndugu zangu ambao kompyuta siyo kazi yao: mfumo ni ile programu kuu inayoamka kwanza ukiwasha mashine, na programu nyingine zote zinasimama juu yake. Mfumo huo mpya, akasema, unasikiliza sauti ya mtu na kuandika nota wenyewe.

Mwalimu akasikia kama malaika amempigia simu. Ila mfumo kamili ulikuwa unatoka baada ya miezi miwili. Kilichokuwepo ni toleo la majaribio, wenyewe wanaliita beta. Maana yake ni hii: hatujamaliza kulitengeneza, mwenye kujitolea alichukue, alitumie, atuambie limeharibikia wapi. Hiyo ni kazi halali kabisa. Bila watu wa kujaribu, hakuna kitu kipya kingekamilika. Na waliolitengeneza walikuwa wakweli kuliko sisi. Waliandika kwa herufi kubwa, kabla hujaanza: "Toleo hili halijakamilika. Unaweza kupoteza kila kilichomo. Usiliweke kwenye kompyuta unayoitegemea. Hifadhi nakala kwanza." Na chini yake, kiboksi kidogo cha kubofya: "Nimesoma na ninakubali."

Wapendwa, katika uongo wote tunaousema duniani, huo ndio mfupi na tunausema kwa kidole kimoja. Nani humu amewahi kuyasoma yale maandishi mpaka mwisho? Inua mkono. Mzee wa kanisa, shusha mkono, tunafahamiana.

Lakini msikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo mfano ulipo. Mwalimu yule hakukurupuka. Alipima. Alikaa sebuleni Jumamosi baada ya chakula cha mchana akapima hatari kama mtu mzima, kwa sababu nyumbani kwake mlikuwa na kompyuta mbili.

Ya pili ilikuwa mpya. Marafiki wa usharika kutoka ng'ambo walipokuja mwaka uliopita walimkabidhi mbele ya kanisa, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Tangu siku ile ilikaa kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni na birika lisilowahi kuona chai. Bado ilikuwa ndani ya nailoni yake. Mke wake alikuwa ameitandikia kitambaa cha kufuma. Haikuwahi kuandikiwa hata barua moja.

Mke akamwona anafungua ile kuukuu, akauliza: "Baba, unafanya nini?"

"Naweka mfumo mpya wa majaribio. Utaniandikia nota za bibi zote ndani ya wiki moja."

"Wa majaribio? Na ukigoma?"

"Ndiyo maana nauweka kwenye hii."

"Si ungejaribia ile ya kabatini? Ile haina kitu."

Mwalimu akamwangalia kama mtu aliyeambiwa akalimie suti ya harusi. "Ile? Mama, ile ni mpya! Ikiharibika, wale wageni wakirudi nitawaonyesha nini? Hii imeshachoka. Hii hata ikifa, haina uchungu."

Sasa nawauliza, na mnijibu kwa ukweli. Je, alikosea hesabu? Mpya usiiguse, kuukuu ndiyo ya kuchezea. Si ndivyo tulivyolelewa? Si ndiyo akili? Naona vichwa vinakubali. Naona hasa akina mama ambao sofa zenu zina nailoni tangu mlipoolewa, na mgeni akikaa anateleza mpaka ashike mkono wa kiti. Naona akina baba wenye koti ambalo halijavaliwa mwaka wa sita linasubiri siku inayolistahili. Mmekubali, eeh? Vizuri. Kumbukeni kwamba mmekubali.

Mwalimu akabofya. Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo, taratibu. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Ikajizima tena, ikajiwasha. Mwalimu akaenda kunywa maji. Aliporudi, kioo kilikuwa cheusi, na juu kabisa pembeni palikuwa na mstari mmoja wa maandishi meupe yasiyoeleweka. Akangoja. Akaizima, akaiwasha. Mstari uleule. Akaanza kuomba, na sisi wote tunaijua ile sala, ile inayosaliwa baada ya kubofya.

Jumatatu akaipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, akachomeka nyaya zake, akakaa nayo siku mbili. Mwalimu aliporudi, fundi hakuinua macho.

"Mwalimu, una nakala ya vitu vilivyokuwemo?"

"Nilikusudia kuhifadhi wiki hii."

"Uliyasoma yale maandishi ya mwanzo?"

"Nilikubali."

"Sijauliza kama ulikubali. Nimeuliza kama ulisoma."

Fundi akamweleza kwa maneno rahisi. Mfumo ule ulianza kupanga diski upya, ukafika katikati, ukakwama, na diski yenyewe ilikuwa nzee. Vya zamani vimefutwa, vipya havijakaa. "Nimepata vipande," akasema, na akabonyeza kimoja. Ikasikika sauti ya bibi, nusu sekunde, kama mtu aliyeita jina kwa mbali akazibwa mdomo. Kingine kilikuwa kikohozi. Kingine, jogoo.

Alhamisi, saa kumi alasiri, mwalimu akaenda kwa bibi. Mikono mitupu. Bibi alizoea kusikia stuli ikiburutwa, siku ile hakuisikia, akajua kuna neno. Mwalimu akamwambia yote. Simsifu kwa mengi, lakini kwa hilo namsifu, hakusingizia umeme.

Bibi akauliza, neno kwa neno: "Ulikuwa nayo... moja tu?"

"Mbili, bibi."

"Ya pili... ina nini?"

"Haina kitu, bibi. Ni mpya."

Bibi akavuta pumzi. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, na haya yalimtoka yote. "Kwa hiyo uliihurumia... ile isiyo na kitu."

Kisha akaomba maji.

Mnaona sasa? Mbona vichwa vimeacha kukubali? Dakika tano zilizopita mlikuwa pamoja na mwalimu! Mlimpa kura! Na mimi wiki iliyopita nilipokuwa natunga, nilifika pale kwenye kabati nikasema, naam, ana akili huyu. Alipima bati, hakupima kilichomo. Alijiuliza kompyuta hii ina umri gani, imevunjika wapi, watu wataionaje. Hakujiuliza maswali mawili tu ya mtu anayepima hatari: ndani mna nini, na ni cha nani? Maana zile nyimbo hata hazikuwa zake! Alicheza kamari kwa mali ya mwenzake, akasema haina uchungu. Haina uchungu kwa nani?

Na msitoke hapa mkasema mchungaji amekataza vitu vipya. Kuna mtu ataondoka na sentensi hiyo, namjua, ataifikisha nyumbani kabla ya mimi kuvua joho. Sijakataza. Vijana wa mitambo mlioko pale juu, mkitaka kujaribu mfumo ambao haujaiva, jaribuni, mtufundishe. Ila ujaribuni kwenye mashine ambayo ikifa leo hamtalia. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hawakusema kipya ni dhambi. Walisema kina utamu hata kama kinauma, kwa hiyo mtu afumbue macho. Na walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo tunaijua wote, tumeiandikia insha darasa la sita, tukapata alama, tukaisahau getini.

Sasa tuje kwetu sisi, maana sikupanda hapa kuzungumzia kompyuta.

Sisi tuna watu waliotubeba. Mama. Mke wa miaka ishirini. Mume ambaye kiatu chake unakijua kwa mlio. Ndugu aliyekulipia shule yeye akaacha. Watu hao wamechakaa, ni kweli. Wana selotepu. Kuna herufi haiandiki mpaka ubonyeze kwa kalamu. Na kila kitu chetu kimo ndani yao: jina la babu, siku ulipougua surua, sababu ya wewe kuogopa mbwa, sala ya kwanza uliyofundishwa. Ukiwapoteza, nani mwingine anayo?

Na ni kwa nani tunajaribia hasira zetu? Ni kwa nani tunajaribia ule ubabe tuliousikia redioni, ule ukali mpya, yale maisha mapya ambayo hata sisi wenyewe hatujayamaliza kuyatengeneza? Kwa bosi? Thubutu! Bosi tunampa "shikamoo" ya kuinama. Kwa rafiki tuliyekutana naye mwezi uliopita? Huyo tunamchagulia maneno, tunamfutia kiti, tunamwekea kikombe kizima. Tukifika nyumbani, mama anapewa chenye ufa, na jibu la mkato juu yake. "Si ni mama tu, amezoea. Si ni mke wangu tu, ataelewa. Haina uchungu." Dada yangu, kaka yangu, tunawalinda watu ambao hawana hata kitu chetu kimoja, na tunawachezea wale waliobeba kila kitu. Hivi sisi ni watu wa namna gani?

Inanikera. Nasema wazi, inanikera, kwa sababu tulionywa. Hakuna aliyetudanganya. Maandishi yalikuwepo, kwa herufi kubwa. Daktari alisema. Mke alisema mara tatu, ya nne akaacha kusema, na sisi tukadhani amekubali. Mama alisema kwenye simu, "Njoo kabla sijaondoka," tukacheka tukamwambia, "Mama naye, unaondoka uende wapi?" Tukabofya: nimesoma, nakubali.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niwaambie kwamba nyimbo zilipatikana. Kwamba alitokea fundi mwingine kutoka mjini, akachomeka waya, sauti ya bibi ikajaa chumbani, watu wakalia, tukaimba pambio. Mnapenda hadithi ziishe hivyo, na mimi nimewazoesha vibaya. Hapana. Hazikupatikana.

Siku ya jubilei ikafika. Walimleta bibi, wakamkalisha mstari wa mbele kama alivyoomba, amevaa nguo nyeupe. Kwaya ikasimama ikaimba zile nyimbo zake tisa, zile ambazo alikuwa amezisikia miaka yote. Waliziimba vizuri, siwezi kusema uongo. Zilipoisha, kwaya ikakaa, watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akaanza kupanda jukwaani. Na bibi alikuwa bado ameinamisha kichwa upande, sikio moja limeelekea kwaya, mkono ameuinua kidogo kumwambia aliye karibu naye anyamaze. Alikuwa ameambiwa yote, na bado alikuwa anasubiri wimbo wa kumi. Mwalimu alimwona. Ilibidi ashuke, apige magoti mbele yake, mbele ya usharika mzima, amwambie sikioni: "Bibi, zimekwisha."

Sasa tusimame tuombe.

Hapana, ngojeni. Siyo wote. Wewe ambaye una mama, au baba, au huyo mtu wako aliyechakaa, na yuko hai leo, na maneno ya mwisho uliyomwambia yalikuwa yale unayoyajua, wewe usisimame nasi. Simu unayo, najua, nilikuwa nauona mwanga wake usoni mwako tangu mwanzo wa mahubiri. Mlango ule pale. Toka nje, mpigie. Akipokea, usianze na habari zako, mwache aongee yeye kwanza.

Nenda. Tutakusubiri.